Kiti cha Rubani na Meza ya Kamanda

Katika House of the Dying Sun, gemu ya mwaka 2016 iliyotengenezwa na studio ndogo ya Marauder Interactive, mfalme ameuawa na wewe ni mtumishi wake uliyebaki na kazi ya kuwasaka wasaliti. Kila misheni ni shambulio la kuvizia. Unaibuka karibu na msafara wa adui, unamtafuta bwana uliyetumwa kummaliza, unammaliza, unatoweka. Ukikawia, manowari kuu ya adui inaingia uwanjani, na kwa silaha ulizo nazo mwanzoni huna la kuifanya zaidi ya kukimbia. Misheni nzima huweza kuisha kwa dakika chache.

Ukiicheza kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuzungushia ulimwengu wa kompyuta, gemu hii ina sehemu mbili za kukaa. Ya kwanza ni chumba cha rubani: kioo mbele yako, vipimo chini ya kifua, nyota pande zote. Ya pili unaifikia kwa kubonyeza kitufe. Unatoka nje ya chombo, na ghafla uwanja wote wa vita umetandazwa mbele yako, meli zako na za adui zimekuwa vitu vidogo vinavyoelea, nawe unaziamuru: hii imlinde yule, zile mbili zishambulie ile kubwa. Bonyeza tena, umerudi kwenye kiti na risasi zinapita kando ya bawa.

Kile kitufe ndicho ninachotaka kukizungumzia. Wanaosifu michezo ya angani ya uhalisia pepe karibu wote husifu kiti cha rubani, na wenye fedha za kutengeneza michezo waliwekeza humohumo. Mimi naona thamani kubwa zaidi iko upande wa pili, kwenye meza ya kamanda, na hasa katika uwezo wa kuhama kutoka meza hadi kiti na kurudi. Sababu yake inaanzia kwenye macho yetu wenyewe.

Tuanze na tatizo la zamani. Mwaka 1999 kampuni ya Relic Entertainment ya Vancouver, Canada, ilitoa Homeworld, mchezo wa mkakati ambao meli zake zingeweza kwenda upande wowote angani, juu na chini zikiwemo. Kabla yake, michezo mingi ya mkakati ilikuwa ya nchi kavu: askari wako anakwenda kaskazini au kusini, mashariki au magharibi, basi. Homeworld iliongeza upande wa tatu, na papo hapo ikakutana na kizuizi, kwamba kioo cha kompyuta ni bapa na kipanya kinatembea mezani. Ili kupeleka meli mahali fulani, ulifungua duara bapa, ukachagua upande na umbali, kisha ukashikilia kitufe cha Shift ili kupandisha au kushusha. Ilikuwa suluhisho la akili sana kwa wakati ule na bado linaheshimiwa. Lakini tazama watu wanavyoicheza. Baada ya muda wengi huacha kupanda na kushuka. Wanapigana angani kama wanaopigana baharini, meli zote kwenye usawa mmoja, kwa kuwa upande wa tatu unagharimu mawazo ya ziada kila unapoutumia. Unajua kwamba adui yuko chini yako, kwa maana ya kwamba umesoma mstari mdogo unaokuambia hivyo. Kumwona kuwa yuko chini ni jambo lingine.

Wazo la kuunganisha kupigana na kuamuru nalo si geni. Mwaka 1998 Activision walitoa Battlezone, wakichukua jina la mchezo wa Atari wa 1980, ule wa mashine za kumbi za michezo ambao ulichungulia vita kupitia kitundu kama cha periskopu, darubini ya nyambizi. Battlezone ya 1998 ilibuni historia yake: kwamba mbio za kwenda mwezini katika miaka ya 1960 zilikuwa pazia la vita vya siri kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti, juu ya mwezi na sayari. Humo uliendesha kifaru chako mwenyewe, na kutoka kwenye kiti hicho hicho ukajenga kambi na kuagiza vikosi. Ulikuwa mchezo wa kusisimua na wenye kuchosha, kwani kila mara ulipoangalia orodha ya amri ulikuwa umeacha kuangalia adui. Jicho moja halitoshi kwa kazi mbili zinazotaka mtazamo tofauti.

Sasa njoo kwenye miwani. Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani wa milimita 63 hivi. Kila jicho linaona kitu kwa pembe yake, ubongo unalinganisha picha mbili, na kwa tofauti hiyo tunajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Miwani ya uhalisia pepe inaiga jambo hilo kwa kulipatia kila jicho picha yake. Watu husema miwani hii inakupa kina cha anga. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo tufanye hesabu.

Miwani ya Oculus Rift ya mwaka 2016 ilikuwa na pikseli, yaani nukta za picha, 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, zilizotandazwa kwenye upana wa takriban nyuzi 90. Hiyo ni kama pikseli 12 kwa kila nyuzi moja. Kitu kikienda mbali, tofauti kati ya picha ya jicho la kushoto na la kulia inapungua. Kikifika umbali wa kama mita 40, tofauti hiyo ni sawa na pikseli moja tu. Kikizidi hapo, macho yote mawili yanaonyeshwa karibu picha ile ile, na kina kinakufa. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ina takriban pikseli 25 kwa nyuzi, kwa hiyo kina chake kinafika kama mita 90 kwa hesabu hiyo hiyo. Sasa jiulize vita vya angani vinapiganwa kwa umbali gani. Adui wa karibu yuko mamia ya mita mbele. Manowari iko kilomita kadhaa. Sayari iko mbali kupita maelezo. Yaani rubani aliyeketi ndani ya chombo chake, akiwa na miwani ya bei kubwa usoni, anaona kina cha usukani, cha mikono yake na cha fremu ya kioo. Zaidi ya kioo, anga yake haina kina zaidi ya ile ya mtu anayecheza kwenye televisheni. Anachopata rubani ni hisia ya kuwemo ndani ya chombo, hisia kali na ya kweli, na inatoka kwenye kibanda kinachomzunguka. Anga lenyewe limebaki pazia lenye nukta.

Kwenye meza ya kamanda hesabu inageuka kabisa. Chukua uwanja wa vita wa upana wa kilomita 10, ufinye hadi utoshe kwenye mita moja mbele ya kifua chako. Umeupunguza mara 10,000, na maana yake kwa macho ni sawa na kwamba wewe umekua mara 10,000: sasa ni jitu ambalo macho yake yameachana mita 630. Kwa macho ya namna hiyo, umbali kati ya manowari na walinzi wake unaonekana wazi wazi. Huhitaji mstari wa kukuambia kwamba kikosi cha adui kiko chini ya usawa wako. Unakiona kiko chini, unainamisha kichwa kukitazama, na unaona pia kwamba kuna njia wazi kati ya tumbo la msafara na jiwe lile linaloelea. Mpango unakuja wenyewe. Tatizo ambalo Homeworld ililitatua kwa duara na kitufe cha Shift halijatatuliwa tu, limeondoka.

Kwa hiyo kina ambacho watu hukinunua wakidhani kiko kwenye kiti cha rubani, kwa kweli kinakaa mezani. Nashangaa jambo hili halisemwi zaidi.

Mwezi Mei 2024 ilitoka Homeworld: Vast Reaches kwa miwani ya Quest, kazi ya studio ya FarBridge ya Austin, Texas, kwa leseni ya Gearbox, kampuni yenye haki za Homeworld. Hapo unaona wazo la meza likichukuliwa kwa uzito. Unaikamata anga kwa mikono, unaivuta karibu, unaizungusha, unaipanua mpaka meli moja inajaa mbele yako, halafu unaifinya tena. Mahali pa kupeleka kikosi unapaonyesha kwa mkono hewani, na kupanda kwa mkono ndiko kupanda kwa meli. Baada ya robo saa unasahau kwamba kupanda na kushuka kuliwahi kuwa tabu. Ni mchezo mfupi, na maadui wake hawana hila nyingi, lakini kwa jambo hili moja umefanya kazi kubwa. Upungufu wake kwangu ni kwamba unakubakiza mezani muda wote. Unaweza kuisogelea meli mpaka ukahesabu madirisha yake, ila huwezi kuingia na kuushika usukani.

Mchezaji wa bao anajua mvuto wa kuona uwanja wote: mashimo 32, kete 64, hakuna kilichofichwa, kila kosa ni lako. Sasa fikiria bao ambalo katikati ya mtaji unaweza kuingia ndani ya kete moja na kuona safari yake kwa macho yake. Hicho ndicho House of the Dying Sun inachokupa, na ndiyo maana, baada ya miaka yote hii na picha zake za kawaida, bado naiweka juu ya michezo iliyotumia fedha mara nyingi zaidi.

Nieleze inavyofanya kazi, maana uzuri wake uko kwenye mpangilio. Saa ya kuja kwa manowari kuu inakulazimisha kuwa na mpango kabla ya kuanza. Unatazama meza: walinzi wako wapi, mlengwa yuko wapi, jiwe gani linaweza kukuficha. Unatoa amri mbili au tatu, zisizozidi, kwa sababu kikosi chako ni kidogo. Kisha unarudi kwenye kiti, na hapo unaijua anga kwa namna ambayo rubani wa kawaida haijui. Pazia lenye nukta limepata maana: umetoka kuliona kwa macho ya jitu sasa hivi, ubongo bado unalikumbuka umbo la uwanja, na unapogeuza kichwa kushoto unajua nini kinatakiwa kuwepo huko kabla hujakiona. Meza imekikopesha kiti kina chake. Chombo chenyewe kinafuata mwendo wa anga: ukishikilia kitufe fulani, injini inaacha kurekebisha mwelekeo, chombo kinaendelea kuteleza kule kilikokuwa kikienda huku wewe umegeuza pua kumpiga aliye pembeni au nyuma. Unapita ubavuni mwa manowari kwa kuteleza, mizinga yako imeielekea muda wote, na unajua kwa hakika kwamba ukimaliza urefu wake utatokea upande ambao wenzako wameshausafisha, kwa sababu wewe ndiye uliyewatuma.

Mwenzako anapokufa unaona jambo la pili ambalo mpangilio huu unalifanya. Mezani, meli ikilipuka ni cheche ndogo. Unaiona, unasikitika kwa hesabu: nilikuwa na vyombo vinne, nimebaki na vitatu. Kwenye kiti, yule aliyekuwa anaruka ubavuni mwako amegeuka moto na vipande vinagonga kioo chako. Ni kifo kile kile, na wewe ndiye uliyetoa amri iliyokipeleka. Chombo chako kikiharibiwa unaweza kuhamia katika kingine cha kikosi chako, kwa hiyo unaweza kumtuma mtu mahali pa hatari ukiwa mezani, halafu dakika moja baadaye ukajikuta umekaa ndani ya chombo chake, palepale ulipomtuma, ukiona alichokuwa anakiona. Sijui michezo mingi inayomrudisha kamanda chini ya amri yake mwenyewe kwa haraka kiasi hicho. Gemu haikuulizi kama mfalme aliyekufa alistahili utii wako. Inakupa kazi na wewe unaifanya. Lakini mwili wako, ukiwa umehama mara kadhaa kati ya cheche na moto, unaanza kutoa amri kwa uangalifu ambao meza peke yake haifundishi.

Nasisitiza hili kwa kuwa kuna hoja nzito ya upande wa pili. Mtu anaweza kusema meza ya kamanda ni mahali pa baridi, panapofanya vita kuwa mapambo, na kwamba uhalisia pepe unazidisha hatari hiyo kwa kuwapa watu raha ya kushika jeshi viganjani. Nakubaliana na sehemu ya hoja hiyo. Vast Reaches ina raha hiyo, na haina kinachoipinga. Ndiyo sababu ninatetea kuhama kati ya sehemu mbili, na siitetei meza pekee.

Kuna suala la mwili, ambalo kwa wengi ndilo la kwanza. Kichefuchefu ndani ya miwani kinakuja pale macho yanaposema unatembea na sikio la ndani linasema umekaa. Watengenezaji walijifunza mapema kwamba picha zinatakiwa kubadilika mara 90 kwa sekunde, kama miwani ya Rift na ile ya Vive ya kampuni ya HTC zilivyofanya, na kwamba kuchelewa kati ya kugeuza kichwa na picha kugeuka kusizidi milisekunde 20 hivi. Kibanda cha rubani kinasaidia pia, kwa kuwa kinampa mtu kitu kilichotulia cha kushikilia kwa macho wakati nyota zinazunguka. Ndiyo maana michezo ya vyombo vya angani ilitangulia mapema. Ila hata kibanda kina mipaka. Chombo kinachobiringika mara tatu mfululizo kitamtibua mtu mwenye tumbo gumu, na wenye matumbo laini huvua miwani kabla ya kufika huko.

Meza ina nafuu ya aina nyingine. Unapoikamata anga kwa mkono na kuivuta, ubongo unaelewa kwamba kitu kimesogezwa na wewe umesimama. Siri hiyo hiyo ilitumiwa na Echo VR ya Ready at Dawn, mchezo wa mwaka 2017 ambao wachezaji walielea kwenye uwanja usio na uvutano na kujisukuma kwa mikono kutoka ukutani. Watu waliokuwa wakitapika kwenye michezo ya kutembea waliweza kucheza ule kwa saa nzima, kwa kuwa kila mwendo ulianzia kwenye bega lao. Meta, kampuni yenye miwani ya Quest, walizima seva zake tarehe 1 Agosti 2023, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba jambo lile lilikuwa hasara kwa kila anayejifunza jinsi mwili unavyokaa angani.

Mikono nayo huchoka. Mchezaji bingwa wa StarCraft, mchezo wa mkakati wa kompyuta, hufanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika kwa vidole vilivyotulia juu ya kibodi. Hakuna bega litakaloweza hivyo hewani. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo mkakati hauwezi kustawi ndani ya miwani. Nafikiri wanapima kwa kipimo cha mchezo mwingine. Mkakati wa angani unahitaji amri chache zenye uzito, zitolewe kwa wakati wake, halafu uishi na matokeo. Wingi wa amri ulikuja kwa sababu kompyuta iliruhusu, na kwa vile mchezaji hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mpe kiti cha rubani na atakuwa na kazi nyingine.

Nitaje mfano mmoja wa njia tofauti. Star Trek: Bridge Crew ya Ubisoft, iliyotoka Mei 2017, iliweka watu wanne kwenye daraja la meli moja: nahodha, mwendeshaji, mwenye silaha na fundi wa mitambo. Nahodha karibu hana cha kubonyeza. Kazi yake ni kutazama, kuamua na kusema. Kitu kilichonivutia kwetu sisi ni kwamba amri zote ni maneno ya watu wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo wanne wenye miwani wanaweza kuiendesha meli nzima kwa Kiswahili bila kumsubiri mtafsiri yeyote. “Zipunguzie nguvu ngao, zote zipeleke injini!” Fundi anatii au anabisha. Mkakati unakuwa mazungumzo, na nahodha mwenye kigugumizi cha uamuzi anajulikana ndani ya dakika moja. Hakuna meza ya kina pale, ila kuna jambo ambalo Dying Sun haina: wenzako ni watu, na wanaweza kukukatalia.

Kwa nini basi fedha zilikwenda kwenye kiti? Jibu langu ni kwamba kiti kinajieleza haraka. Mkalishe mgeni kwenye banda la maonyesho, mvishe miwani, mrushe kutoka kwenye bomba la meli mama, na katika dakika moja anapiga kelele. EVE: Valkyrie ya CCP, kampuni ya Iceland, ilikuwa hasa hivyo, na iligawiwa pamoja na Rift kwa walioagiza mapema mwaka 2016. Meza ya kamanda inahitaji nusu saa kabla haijaonyesha utamu wake, na banda la maonyesho halina nusu saa. Lakini mshangao wa dakika moja huisha. Valkyrie pia ilitegemea watu wengi kuwepo mtandaoni kwa wakati mmoja, na wenye miwani walikuwa wachache duniani. Septemba 2017 ilifunguliwa kwa wasio na miwani. Mwezi uliofuata CCP walitangaza kusitisha kutengeneza michezo ya uhalisia pepe. Bridge Crew nayo ilifunguliwa kwa wasio na miwani Desemba mwaka huo huo. Facebook, waliotangaza kuinunua Oculus mwaka 2014 kwa dola bilioni 2 na leo wanajiita Meta, waliendelea kumwaga fedha: kitengo chao cha Reality Labs kilipata hasara ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Kwa mashimo ya ukubwa huo, wakuu hutafuta michezo itakayovuta mamilioni, na mchezo wa mkakati wa angani haujawahi kuwa wa mamilioni.

House of the Dying Sun haikutegemea yeyote awepo mtandaoni. Unaicheza peke yako, hata intaneti ikikatika, na miwani ndani yake ni hiari. Kwa hiyo bado ipo, na bado inafanya kila ilichofanya siku ya kwanza. Udogo wake uliilinda.

Jambo hilo linatuhusu kwa karibu. Mwaka 2016 Rift iliuzwa dola 599 nchini Marekani, na juu yake ilihitaji kompyuta ya karibu dola 1,000 yenye kadi ya michoro yenye nguvu. Mtu wa Dar es Salaam au Kampala hakuwa kwenye hesabu za mtu yeyote. Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299, inajitegemea bila kompyuta, na ingawa huku hupatikana kwa kuagizwa na bei hupanda njiani, imefika kwenye kiwango cha simu nzuri. Ndani yake mna chipu ya jamii ya zile za simu. Chipu hiyo inahangaika kuchora manowari ya urefu wa kilomita inayopita karibu na kioo chako na kila msumari unaonekana. Meli 40 za ukubwa wa kidole gumba inazichora bila jasho. Meza ya kamanda, yaani, ndiyo sehemu iliyo rahisi kutengeneza kwa fedha kidogo, na ndiyo hiyo hiyo yenye kina halisi. Zana za kuitengeneza ni za bure: Blender kwa maumbo, na Godot, programu ya kuundia michezo, ambayo tangu toleo la nne la mwaka 2023 imekuja na uwezo wa kuendesha miwani hii. Nairobi kuna BlackRhino VR, studio inayofanya kazi za uhalisia pepe tangu katikati ya miaka ya 2010. Ujuzi umeshaanza kukaa karibu yetu, ingawa hadi sasa umetumika zaidi kwenye video za kuzunguka nyuzi 360 kuliko kwenye michezo.

Nikiulizwa na kijana anayetaka kujaribu, nitamwambia asianze na kibanda cha rubani chenye vitufe mia. Aanze na meza, meli sita upande huu na tisa upande ule, jiwe kubwa katikati, na saa inayohesabu. Ahakikishe kwamba mkono ukipanda, meli inapanda. Kisha aweke kiti kimoja tu, cha chombo kimoja, chenye kioo na usukani na redio, na aufanye mhamo kati ya meza na kiti uwe wa ghafla, kwa giza la nusu sekunde, kwani kuvutwa polepole hewani ndiko kunakotibua tumbo. Redioni aweke sauti za marubani wenzake wakizungumza Kiswahili cha kawaida cha watu walio kazini, mmoja akiomba msaada, mwingine akisema mafuta yanakwisha. Na mchezaji akiwa mezani, zile sauti zisikatike. Azisikie kutoka mahali hasa meli ndogo ilipo, kushoto chini, hafifu kidogo, ili ajue ni nani anayemwita kabla hajaamua kama atakwenda.